Wito wangu uko kozi gani? Jibu kwa binti wa Ukerewe

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea kisiwa kimoja huku Ukerewe. Nimemaliza kidato cha sita kombi ya PCB, nimepata Fizikia D, Kemia C na Biolojia C, daraja la pili pointi 10. Baba ni mvuvi wa dagaa na ameshawatangazia watu wote mwaloni kwamba binti yake anakwenda kusomea udaktari Bugando. Mimi moyo wangu uko kwenye zahanati yetu ya kijiji. Tangu nikiwa kidato cha pili majirani huniletea dawa walizopewa niwasomee maandishi, na hapo huwa napata furaha nisiyoipata pengine, kwa hiyo nawaza diploma ya utabibu. Lakini kwenye mafungo ya vijana mhubiri alisema anayemtumikia Mungu kweli huacha ya dunia, na masista wa parokiani wananiambia nina wito. Nimefunga siku saba nikiomba ishara, sijapata, na usingizi umepotea. Naogopa nikichagua vibaya nitakuwa nimeukosa mpango wa Mungu, na nikichagua kozi yenye mshahara nitakuwa nimefuata hela. Kidato cha nne nilipata A ya somo la Biblia, sijui kama itanisaidia kuingia chuo cha kanisa. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Kwanza ule, halafu ulale. Siku saba za kufunga zinatosha, na mtu mwenye njaa na usingizi husikia sauti nyingi ambazo hata mwenyewe hawezi kuzitofautisha.

Umeniletea maswali mawili ukiwa umeyafunga kamba moja: Mungu anataka nini kwangu, na nijaze nini kwenye fomu. Kamba hiyo ndiyo inayokubana koo. Nitaifungua nianze na la fomu, kwa sababu lina tarehe, na kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakisali novena mpaka dirisha likafungwa, kisha wakakaa nyumbani mwaka mzima wakidhani hilo nalo ndilo lilikuwa jibu.

Pointi zako 10 ni hesabu ya Baraza la Mitihani. Wao A ni 1, B ni 2, C ni 3 na D ni 4, kwa hiyo anayepata pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hugeuza hesabu hiyo: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu ya udahili wewe una 8. Mwongozo wa TCU kwa udaktari wa binadamu unataka jumla isiyopungua 6, na walau D katika kila moja ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Sifa unazo, na baba hakuwadanganya watu wa mwaloni. Ila kuwa na sifa si kupata nafasi. Chuo huwapanga waombaji kuanzia wa juu na kushuka hadi viti viishe, na pale Bugando, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, wanaogombania viti vya udaktari ni wengi na wenye alama kali. Omba, lakini usiombe hiyo peke yake.

A yako ya Biblia nakupongeza kwayo kwa moyo, lakini mlangoni haihesabiwi. Kwa diploma ya utabibu na ya uuguzi, NACTVET, yaani baraza linalosimamia vyuo vya kati, wanaangalia kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia. Chuo cha kanisa hakina mlango wake wa pembeni. Kinafuata masharti yaleyale ya TCU na NACTVET, na kinapokea watoto wa dini zote. Jina la mtakatifu kwenye lango halitakulinda wala halitakufanya mcha Mungu. Kitakachokulinda ni marafiki utakaowachagua wiki ya kwanza na Misa utakayoamua kwenda hata ukiwa na mtihani Jumatatu.

Tuje kwenye hofu yako yenyewe. Unauwazia mpango wa Mungu kama meli ya Nansio: ukichelewa gatini imeng'oa nanga, umeachwa, na maisha yako yote utakuwa umesimama ukiangalia moshi. Hilo silo fundisho la Kanisa, na wala sivyo maisha ya watumishi tunaowajua yalivyokwenda. Paulo alikuwa fundi wa kushona mahema na aliendelea kushona huku akihubiri, na hakuna aliyemwambia sindano ni ya dunia. Chukua na jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, mtoto wa Butiama. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 kufundisha Pugu, na mwaka 1955 akalazimika kuliacha darasa kwa ajili ya siasa. Njia yake ilikata kona kali. Je, miaka ya chaki ilipotea? Jina ambalo taifa limembakishia ni Mwalimu.

Vijana wa Kiislamu wanaonijia huuliza swali hilihili kwa jina la istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, wakingoja ndoto. Nami huwakumbusha wanachofundishwa na masheikh wao, kwamba istikhara huenda pamoja na kutaka ushauri, na kwamba mtu akishaswali huinuka akaendelea na hatua iliyo mbele yake. Tofauti za dini zetu nazijua, lakini katika jambo hili tunafundishwa kitu kimoja: sala haichukui nafasi ya kupima mambo. Yesu mwenyewe alimtoa mfano mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Hakumkemea kwa kuhesabu.

Nikueleze basi jinsi wito unavyofanya kazi, kadiri nilivyouona kwa miaka ya kukaa na vijana wa Kanda hii ya Ziwa. Hauji kama radi. Unaanza kwa kitu ambacho wewe hukifanya bila kuchoka upesi kama wengine. Kisha watu wanakigundua kabla yako na kuanza kukufuata kwacho. Halafu unakuta hitaji lenyewe lipo pale ulipo, halimsubiri mwingine. Vitu hivyo vikikutana na kudumu kwa miaka, hata siku ambazo huna hamu, hapo tunaweza kutamka neno wito kwa heshima yake. Cha siku moja, kilichowaka kwenye mafungo wakati kinanda kinapigwa na wote wanalia, kinaweza kuwa mwanzo mzuri, lakini kinahitaji kungojewa.

Sasa jisome. Tangu kidato cha pili, yaani miaka mitano hivi, watu wanabisha hodi kwenu na pakiti ya dawa mkononi. Hawakuja kwa sababu wewe ni mtakatifu. Walikuja kwa sababu unasoma vizuri, hukuwacheka, na ugonjwa wa mtu haukufika ufukweni asubuhi watu wakichota maji. Hayo matatu ni adimu. Unaomba ishara, na ishara imekuwa ikikaa kwenye kigoda chenu miaka mitano. (Na neno moja la tahadhari: endelea kusoma kilichoandikwa, usiongeze lako. Ukiulizwa "nikimeza mbili badala ya moja?", jibu ni "rudi zahanati ukaulize.")

Lakini umegundua? Kazi hiyo uliyokuwa ukiifanya si ya tabibu. Tabibu huuliza, hupima na huandika. Anayemweleza mgonjwa kilichoandikwa, akahakikisha ameelewa, akamwangalia usoni kama kweli atakwenda kumeza, ni muuguzi na mfamasia. Katika barua yako nzima hukutaja uuguzi wala famasia hata mara moja, na nadhani najua sababu. Huku kwetu mtoto mwenye PCB akifaulu, ukoo mzima unaona kiti kimoja tu, cha daktari, na wengine wote wanaitwa wasaidizi wake. Sivyo. Kisiwani kwenu mtu akiumwa kichwa usiku, mlango wa kwanza anaoupiga hodi huenda ni wa duka la dawa muhimu, na dawa anayopewa pale inaweza kumponya au kumwongezea ugonjwa, kutegemea aliyesimama nyuma ya kaunta. Na mama mjamzito hukutana na muuguzi mkunga tangu siku anapofungua kadi ya kliniki mpaka mtoto anapowekwa kwenye mizani. Sikuambii uache utabibu. Nakuambia umechagua jina la kazi kabla hujaangalia ni kipande gani cha kazi kinachokufurahisha.

Jambo la pili ambalo hukuambiwa ni ngazi. Huduma za afya zetu zimepangwa kwa ngazi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, na juu yake hospitali ya kanda, Bugando. Kozi unayosoma inakupeleka kwenye kidaraja chake. Mwenye diploma ya utabibu au ya uuguzi ndiye hasa anayekaa zahanati na kituo cha afya. Daktari wa digrii anahitajika zaidi panapofanyika upasuaji na panapolazwa wagonjwa wazito, yaani kuanzia kituo kikubwa na kupanda. Kwa hiyo ukiniambia "nataka zahanati ya kijijini" halafu ukasoma udaktari miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, utakuwa umepanda meli nzuri sana inayokwenda bandari nyingine. Unaweza kurudi, wapo waliorudi. Lakini miaka sita ya mjini humbadilisha mtu, na mfumo wenyewe utakuvuta ubaki juu.

Diploma ya utabibu ni miaka mitatu. Wengi wa kidato cha sita huiona ni kushuka, kwa kuwa hata aliyeishia kidato cha nne anaingia. Ukiichukua kwa moyo huo utakuwa tabibu mwenye hasira, na wagonjwa huijua hasira ya mhudumu kabla hajafungua mdomo. Ukiichukua kwa sababu unataka kufika mapema pale unapopapenda, ni njia ya heshima. Na haifungi mlango wa juu: kwa mwongozo wa TCU, mwenye diploma ya utabibu yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 anaweza kuomba udaktari baadaye, mradi kidato cha nne ana walau D za Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Kakitazame cheti chako sasa hivi. Hisabati ndiyo huwaangusha wengi hapo.

Miaka kadhaa nyuma nilivuka kwenda kisiwa kimoja kumtembelea kijana niliyemshauri akiwa shule, sasa tabibu. Nilifika saa saba mchana. Hakuwa anaokoa maisha ya mtu. Alikuwa ameinamia vitabu vya MTUHA, vile virejista vikubwa vya kumbukumbu za wagonjwa, anahesabu wagonjwa wa mwezi kwa vijiti vya tano tano, na jalada la kimoja lilikuwa limeachia, amelifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Nje kwenye benchi alikaa mzee amenuna, kwa sababu aliandikiwa dawa ambayo dirishani aliambiwa haipo. Kijana wangu aliacha hesabu, akatoka, akachuchumaa mbele ya mzee, na kumweleza kwa Kikerewe kitu ambacho sikukielewa. Ilimchukua kama dakika kumi. Mzee hakucheka, lakini alipoondoka alimpa mkono. Kisha kijana akarudi kwenye vijiti vyake akakuta amesahau alikoishia, akaanza upya ukurasa mzima.

Huo ndio utumishi unaouombea, siku ya kawaida. Kuandika kwingi, kuishiwa dawa, watu waliokasirika kwa makosa ambayo si yako, kichocho kilekile kwa watoto walewale kwa sababu ziwa ndilo bafu lao. Ukiweza kuipenda Jumanne ya namna hiyo, moyo wako umekuambia kweli. Ukigundua ulichokipenda ni kushukuriwa, si dhambi, ila ni vizuri kujua kabla ya kulipa ada.

Kwa hiyo nataka ujaribu. Jaza maombi kwanza, maana kujaza si kuweka nadhiri. Kisha wakati wa kusubiri majibu, nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati yenu, umwombe kwa adabu akuruhusu ushinde pale wiki mbili kusaidia kufagia, kupanga kadi, kuita majina. Usiguse dawa wala sindano. Angalia tu macho yako yanamfuata nani: anayeandika, anayezalisha, anayehesabu vidonge, au anayekaa na mama mwenye mtoto anayelia. Sala yako ya jioni ifanye iwe juu ya ulichokiona mchana huo. Nimeona wiki mbili za namna hiyo zikitatua kilichoshindikana kwa miezi ya mashauri, yakiwemo yangu.

Kuhusu hela, niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa dini tunapowaumiza watoto wetu kwa kutokusema. Kupokea mshahara si kufuata hela. Muuguzi anayelipwa vizuri na kulala vizuri ana mkono mtulivu. Swali la haki ni nani atabeba gharama ya wewe kusoma, na mzigo huo utakuamulia nini baadaye.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ukiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wa hesabu tu, kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Ni nyingi, lakini inajulikana na ina mwisho, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni mwaka hadi mwaka, ilitangazwa kufutwa Mei Mosi 2021, hapahapa Mwanza kwenye uwanja wa Kirumba. Deni la ukoo halina asilimia wala mwisho. Baba akiuza injini ya mtumbwi ukasome, na wajomba wakachangia, siku ukipangiwa zahanati ya mbali yenye mshahara mdogo hutakuwa huru kukubali. Watakuuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Na kuna mtego ambao familia nyingi hawauoni mpaka wamenasa. Diploma ni fupi na huonekana rahisi, lakini mkopo kwa ngazi ya diploma ulianza mwaka wa masomo 2023/24 na ni kwa fani za kipaumbele zilizotajwa kwa majina. Usidhani neno "afya" linatosha. Fungua mwongozo wa mwaka huu utafute kozi yako kwa jina lake. Isipokuwemo, miaka mitatu yote inatoka mfukoni kwa baba, ilhali digrii ndefu zaidi ungeweza kuibeba kwa mkopo. Kozi ndogo inaweza kuwa mzigo mkubwa nyumbani. Kila chuo unachokiomba, omba muundo kamili wa ada: mitihani, sare, vifaa, bima, malazi na safari za vitendo, si mstari wa juu peke yake. Sumve na Sengerema kuna hospitali zilizoanzishwa na Kanisa zenye historia ndefu ya kufundisha wahudumu, na kwa mtu wa Ukerewe nauli na gharama za kuishi si sawa na za Dar es Salaam. Hesabu na hilo.

Ajira nayo niseme ukweli. Zamani mtoto wa afya alimaliza akapangiwa kituo. Sasa nafasi hutangazwa, huombwa na hugombaniwa, na wapo madaktari na matabibu wenye vyeti vizuri wanaosubiri. Hospitali za kanisa huajiri, ila si kila aliyesoma chuo cha kanisa, na barua ya paroko ni ushuhuda wa tabia, haiwi cheti. Anayekuhakikishia ajira kabla hujaanza mwaka wa kwanza anakuuzia kitu.

Masista nimewaacha kwa makusudi hadi hapa, si kwa kuwapuuza. Huenda wanaona kweli. Lakini utawa hauingiliwi kwa kukimbia fomu ya chuo, na wao wenyewe watakuambia hivyo. Kanisa limeweka muda wa kutosha: unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, hauwezi kuwa chini ya miezi 12, na nadhiri za muda si chini ya miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima, mbali na miaka ya malezi ya mwanzo. Kuna mashirika yanayompeleka sista kusomea uuguzi au ualimu, na yapo yanayopenda binti aje akiwa amesoma. Mawili uyaulize mapema: ukomo wa umri wa kupokelewa, na madeni. Sheria ya Kanisa inakataza kumpokea unovisi mtu aliyelemewa na deni asiloweza kulilipa. Maana yake mkopo unaoujaza mwezi huu unagusa hata njia hiyo, na afadhali ulijue leo kuliko baada ya miaka sita. Nenda katembelee nyumba yao siku mbili tatu, uone wanavyofua na kupika na kusamehana, kisha urudi nyumbani. Aliye na wito wa kweli hapotezi kitu kwa kwenda taratibu.

Na mhubiri wa mafungo? Kuacha ya dunia ni kuacha kiburi, uongo na kujitafutia makuu. Sindano, mizani na kopo la vidonge si ya dunia kwa maana hiyo. Angemaanisha kwamba wote waache vyuo, nani angemzalisha mke wa katekista?

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia hivi. Kwa digrii omba udaktari, uuguzi na famasia, na mkopo uuombe ndani ya muda wake, cheti cha kuzaliwa kikiwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Sambamba na hapo omba diploma ya utabibu na ya uuguzi kwenye vyuo vilivyosajiliwa. Ukipata zaidi ya chuo kikuu kimoja utatakiwa kuthibitisha kimoja tu, na siku hiyo ndiyo ya uamuzi, si leo. Zahanati ikikuonyesha kwamba pale ndipo kwako, na nyumbani wanaweza ada ya miaka mitatu bila kuuza injini, mimi ningekwenda diploma bila aibu yoyote. Kama hawawezi, digrii yenye mkopo, na kati ya zile tatu mimi naona uuguzi ndio unaofanana nawe zaidi, ingawa nimekujua kwa barua moja tu. Udaktari uchukue ukiwa umeutaka wewe. Tangazo la mwaloni halitakuamsha saa kumi usiku wodini.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, yatafutie mtu ana kwa ana. La alama na vyeti, nenda kwa mwalimu wa taaluma wa shule yako au dawati la udahili la chuo chenyewe. La mkopo, Bodi ina ofisi ya kanda Mwanza. Ukivuka kwa shughuli nyingine, pita na karatasi zako zote. Usingizi usiporudi ndani ya wiki moja au mbili hata baada ya kula vizuri, au ukianza kuona maisha hayana maana, mwambie mama siku hiyohiyo na mwende kumwona mhudumu wa afya. Huo ni ugonjwa unaotibika na hauonyeshi kwamba imani yako ni ndogo. Anayekuomba pesa "akupitishie jina" chuoni, mkatae na umwambie baba. Na mtumishi yeyote, wa dhehebu lolote, atakayekuambia Mungu amemwonyesha kozi yako, au mume wako, na kwamba usimshirikishe mzazi wala paroko, usikae naye tena peke yako. Niliyoyashuhudia hapo yameniliza, na mabinti walioumia walikuwa wacha Mungu kama wewe.

Amebaki baba. Nyie watu wa dagaa mnajua kwamba usiku wa giza hayupo nyumbani, yuko ziwani na taa zake, na asubuhi hana masikio ya kitu chochote. Ngoja mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi imepumzika na mnakula pamoja. Usianze na "sitaki udaktari." Chukua daftari, upande mmoja uandike kila kozi na miaka yake, wa pili ada yote, wa tatu mkopo upo au haupo, wa nne kazi yake itakuwa wapi kwenye ile ngazi. Mwombe akusaidie kujaza safu ya tano: nyumbani tunaweza kiasi gani kwa mwezi wa samaki na kwa mwezi mkavu. Hiyo ni hesabu anayoijua kuliko mimi na wewe, na ukimpa kalamu atakuambia pia, pengine kwa mara ya kwanza, ni nini hasa alichokuwa anakitaka alipolitaja jina lako mwaloni.

Niandikie zahanati ikishakupokea, na uniambie macho yako yalimfuata nani.